Hiyo "supervisory" kwenye tangazo la kazi inataka nini hasa

Fungua tangazo lolote la kazi lililoandikwa Kiingereza, la hoteli, la kampuni ya mizigo, la kiwanda au la NGO, shuka mpaka kwenye sifa za mwombaji, mara nyingi tu utakuta kamstari kanasema "at least two years in a supervisory role" au "proven supervisory experience". Na hapo ndo watu wanagawanyika. Wapo wanaofunga simu hapohapo wakisema hii sio yangu, mi sijawahi kuwa supavaiza, na wapo wanaoongeza neno supervisory kwenye sivii kila mahali penye nafasi, hadi kwenye hobi. Huku mtaani vijana huwa wananitumia sivii zao WhatsApp niwaangalizie kabla hawajatuma, na kazini kwetu nami hukalishwa kwenye usaili mojamoja, kwa hiyo naliona hili neno kutoka pande zote mbili za meza, na kwa kweli wanaolikimbia wananiuma zaidi kuliko wanaolitumia ovyo, maana wengi wao hiyo kazi wameifanya miaka na miaka.

Supervisory ni neno la sifa, linaeleza kitu kinachohusu kusimamia kazi za watu wengine. Halitaji cheo. Cheo ni supervisor, na kazi yenyewe ni supervision. Kwa hiyo tangazo likisema wanataka mtu mwenye supervisory experience hawajakuuliza kama mkataba wako uliandikwa supavaiza, wamekuuliza kama umewahi kuwa na kazi za wenzio mikononi mwako, ukaziangalia zikienda, ukazirudisha zikiwa mbovu, alafu ukaulizwa wewe zilipoharibika. Hiyo ya kuulizwa ndo naitumia kama kipimo mtu akinitumia sivii. Namuuliza hivi, pale ulipokuwa, mwenzio akikosea, bosi alikuwa anamwita nani kwanza? Akisema "ananiita mimi", basi hapo ulikuwa kwenye kazi ya usimamizi hata kama payslip ilisema kingine kabisa.

Chukua mtu wa stoo. Kijana yuko godauni huku Kurasini, mkataba unasema storekeeper, sivii yake kaandika "receiving and issuing goods" basi kamaliza. Ukimhoji unakuta kila kontena likiingia usiku yeye ndo anachagua vibarua wa kushusha, anawapanga nani apande juu nani apokee chini, anahesabu anachotoa huyu na anachopokea yule, akiona katoni zimepangwa vibaya anasimamisha kazi mpaka zipangwe upya, asubuhi anasaini karatasi, na zikipungua katoni mbili anayekaa ofisini kujieleza ni yeye. Sasa hiyo si ndo yenyewe? Huyo anatakiwa aandike kitu kama "Supervised casual loaders on the night shift, checked their count against the delivery note and signed the daily report." Hakuna uongo hata chembe hapo, na mwajiri akisoma anaona watu, anaona kazi, anaona saini.

Au dada aliyekuwa kapteni kwenye mgahawa wa hoteli, anagawa meza kwa wahudumu na kuangalia bili kabla hazijaenda kwa mteja. Au yule nesi anayeitwa inchaji wa wodi. Au fundi mkuu saiti mwenye mafundi na vijana wa zege chini yake, huyu cheti hana lakini ukuta ukipinda wanamfata yeye. Mwalimu wa taaluma shuleni. Kiongozi wa zamu kwenye kampuni ya ulinzi, na hapa nawataja makusudi maana vijana wengi wa Kenya, Uganda na huku kwetu wanaenda Qatar na Dubai kwa kazi za ulinzi na usafi, na kule matangazo ya ndani ya kupandishwa yanauliza hilihili, alafu mtu aliyeongoza zamu nyumbani miaka anaandika tu "security guard" kwa sababu ndo kilichokuwa kwenye kitambulisho.

Kuna kundi moja tu huwa nalizuia. Wanafunzi waliotoka fildi. Unakuta mtu kaandika "three months supervisory experience" ukimuuliza unagundua yeye ndo alikuwa anasimamiwa, alikuwa na supavaiza wa chuo na supavaiza wa ofisini, wote wawili wanamwangalia yeye. Hapo sentensi sahihi ni "I was supervised by", au "worked under the supervision of", na wala sio aibu, kila mtu kapita huko. Ila kuigeuza kichwa chini ni kujitafutia maswali usiyoyaweza.

Tukija kwenye matumizi, hili neno linapenda kukaa mbele ya jina. Supervisory role, supervisory duties, supervisory skills, supervisory staff, supervisory position. Likikaa peke yake linapwaya, ndo maana "I am very supervisory" inachekesha sikio la msikilizaji, na "I have supervisory for three years" imekatika, msomaji anabaki anasubiri supervisory nini. Kosa ninaloliona kuliko yote ni "under the supervisory of", hiyo haipo, ni "under the supervision of". Ukitaka kusema ulikuwa pale kama msimamizi japo cheo hakikuandikwa hivo, Kiingereza kina njia nzuri sana, "in a supervisory capacity", kwa mfano "worked as a cook and, during weekends, in a supervisory capacity", hapo umesema kweli yote bila kujipa cheo ambacho hukupewa.

Spelingi yake ni s, sio z wala c. Wamarekani wenye mazoea ya kuandika organize na realize kwa z, kwenye supervise hata wao wanaandika s, kwa sababu ile vis inatokana na Kilatini cha kuona, super juu na videre kuona, sawa na kwenye vision na television. Kwenye kutamka mkazo unaanguka pale VAI, supaVAIzari, watu wengi wanaupeleka mwanzo na inasikika kama supamaketi.

Sasa kuna ndugu zake wanaochanganya. Advisory ndo inayofanana nalo zaidi ila tofauti ni kubwa, mwenye advisory role anatoa ushauri, ukiukataa hakufanyi kitu, mwenye supervisory role anaweza kukurudishia kazi ukaifanye upya na ukairudia. Managerial iko juu kidogo, huyo anapanga bajeti, anaamua mwaka huu tununue gari au tusinunue, na mara nyingi hata hajui leo asubuhi nani kachelewa, wakati mtu wa supervisory yuko na watu saa zote, anajua nani mtoto wake anaumwa na nani anasinzia saa nane. Kwenye kampuni ndogo za kwetu mtu mmoja anafanya vyote, anapanga, anasimamia na anaendesha na pikap, huyo aandike vyote tu.

Na kuna oversight. Hili neno liogope. Lina maana mbili zinazopigana, moja ni usimamizi, ya pili ni kosa la kupitiwa, kitu kilikuwa mbele ya macho hukukiona. Ukiandika "responsible for oversight of accounts" iko sawa, ukiandika "there was an oversight in the accounts" umeshasema kuna kitu kilipita bila kuonwa, mkaguzi akisoma barua hiyo anavaa miwani. Kama hujazoea Kiingereza cha barua nakushauri uachane nalo, baki na supervision.

Kiswahili chetu hakina shida ya msamiati hapa, shida yake ni kwamba msimamizi ni mmoja kwa kila kitu. Anayekulinda usiibie kwenye mtihani ni msimamizi, anayegawa mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi, anayetangaza mshindi wa ubunge jimboni ni msimamizi wa uchaguzi, profesa anayekusahihishia tasnifu naye msimamizi. Kwa Kiingereza hao wanne wana majina manne tofauti, na supervisor hapo ni profesa peke yake. Nilishaona sivii ya mtu aliyesimamia mirathi ya babu yake kaiweka kwenye supervisory experience, yaani nilicheka alafu nikamwonea huruma, maana ukimtazama kwa Kiswahili yuko sahihi kabisa.

Alafu kuna nyapara. Hili nalitaja kwa sababu naamini ndo linafanya watu wengi wasipende kujiita wasimamizi. Wanyampara walikuwa wakuu wa misafara ya Wanyamwezi karne ya 19, watu wa heshima waliojua njia, waliojua maji yako wapi, na wapagazi waliwafata. Baadaye neno likahamia kwenye mashamba ya wakoloni, kwenye mkonge, ule mkonge ulioletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, likapata sura nyingine ya mtu anayesimama na kuhesabu mizigo ya majani huku wewe unakatwa na miiba, alafu likaingia magerezani, na mpaka leo mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzie anaitwa nyapara. Kwa hiyo mtu akisikia usimamizi akilini inakuja sura ya mtu mwenye fimbo asiyefanya kazi. Wapo wa hivo bado, sitabisha, kila ofisi ina nyapara wake mwenye ID nzuri. Lakini mwajiri anayeandika supervisory hamtafuti huyo, au tuseme wengi hawamtafuti.

Kwenye afya wamejaribu kuulainisha huo usimamizi. Timu ya afya ya halmashauri ikitembelea zahanati na chekilisti zao watu wanasema leo kuna supavisheni, na wizara inapenda kuiita usimamizi shirikishi, wazo likiwa wale wanaokuja wakae na nesi waangalie pamoja rejista, friji ya chanjo, dawa zilizopo stoo, wamwelekeze palepale, badala ya kuja kutafuta wa kumwandikia barua. Inategemea na nani kaja lakini. Nesi yeyote atakwambia kuna watu wakishuka kwenye gari unajua leo nitajifunza kitu na kuna wengine wakishuka unaanza kuficha vitu. Ukienda kuomba kazi kwenye miradi ya afya ukakuta "supportive supervision" kwenye majukumu, ndo hiyo wanayoisema, na ukijibu kwenye usaili kwamba utahakikisha wanaofanya vibaya wanachukuliwa hatua umeshajitoa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye SACCOS, vile vyama vya kuweka akiba na kukopa, na watumishi wengi wako kwenye kimoja. Kuna bodi, kuna kamati ya mikopo, alafu kuna kamati ya usimamizi, kwa Kiingereza supervisory committee, na Kenya wanayo vilevile kwenye sako zao. Hawa kwa kawaida ni watu watatu, wanachaguliwa na wanachama kwenye mkutano mkuu, hawatoki kwenye bodi, na hawaajiri mtu, hawatoi mkopo, hawasaini cheki. Kazi yao ni kupekua vitabu, kuangalia kama bodi na kamati ya mikopo wanafata taratibu mlizojiwekea, na kuja kuwaambia nyie wanachama. Kwa hiyo unaona, hapa supervisory inamwangalia aliye juu. Mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi anaweza kuwa kwenye hiyo kamati na mwenyekiti wa bodi akawa mkuu wake wa shule, na kisheria mwalimu ana haki ya kumwambia mzee naomba yale makabrasha. Inatokea? Mara chache, tunajuana, watu wanachaguliana kamati hiyo kama kumpa mtu posho, na ndo maana SACCOS nyingi zikianza kuyumba wanachama wanashangaa kana kwamba hakukuwa na mtu wa kuangalia, wakati waliwachagua wenyewe. Ila kama umekaa kwenye hiyo kamati na kweli mlifungua vitabu, iweke kwenye sivii, "elected member, supervisory committee", hiyo ina uzito kuliko semina kumi.

Wajerumani wameichukua hiyohiyo mpaka kwenye makampuni makubwa. Kule kampuni kubwa ina bodi mbili, moja inaendesha na ya pili, supervisory board, inawasimamia wanaoendesha, inawateua na inaweza kuwatoa, na kwa sheria yao ya mwaka 1976 kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 nusu ya viti kwenye hiyo bodi ni vya wafanyakazi. Volkswagen ina watu 20 pale, 10 upande wa wafanyakazi. Ukimwambia hivi bosi wa kwetu atadhani umelewa.

Kwenye benki nako utalikuta, supervisory action, supervisory measures, hiyo ni Benki Kuu inapozisimamia benki nyingine. Hapa tafsiri inateleza tena, maana mwaka 2016 BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, ilipoichukua benki ya Twiga Bancorp magazeti yaliandika imewekwa chini ya usimamizi, na watu wakauliza kwani kabla ya hapo haikuwa inasimamiwa? Ilikuwa inasimamiwa, kama benki zote. Kilichotokea ni kwamba Benki Kuu iliingia ndani ikaanza kuiendesha yenyewe, na hicho ni kitu kingine kabisa, kwa Kiingereza wanasema administration. Ukisoma ripoti za benki kwa Kiingereza shika hiyo tofauti.

Kwa mlioko Marekani hili neno lina pesa na lina sheria ndani yake, kwa hiyo msilichukulie kirahisi. Kwenye kazi za serikali kuu ya kule utakuta cheo kimeanza nalo kabisa, Supervisory Accountant, Supervisory Nurse, na kwa utaratibu wao wa madaraja lazima usimamizi uwe angalau asilimia 25 ya muda wa hiyo kazi ndo ihesabiwe hivo. Upande wa sekta binafsi kuna sheria ya mwaka 1947, Taft-Hartley, iliyowatoa masupavaiza kwenye ulinzi wa vyama vya wafanyakazi, ina maana mwajiri akikuhesabu supavaiza unaweza kupoteza haki ya kulindwa ukitaka kujiunga na union. Manesi ndo imewagusa sana, na manesi wa Kenya kule ni wengi. Mwaka 2006 ile bodi yao ya kazi iliamua shauri la hospitali ya Oakwood kwamba manesi waliokuwa charge nurse, yaani inchaji wa zamu, muda wote, wanaowagawia wenzao wagonjwa kwa kutumia akili na uamuzi wao wenyewe, ni masupavaiza, wakati waliokuwa wanashika zamu hiyo kwa kupokezana hawakuhesabiwa. Kipimo kikubwa ni huo uamuzi wako mwenyewe, ukiwa unafata tu karatasi iliyopangwa na mtu mwingine wewe ni mjumbe. Kwa hiyo dada ukiambiwa umekuwa charge nurse wa kudumu, hongera, ila uliza na upande wa pili.

Turudi kwenye usaili. Swali huwa linakuja hivi, "Do you have any supervisory experience?" na watu wanajibu "Yes, I have, I am hardworking and I can work under pressure" alafu wananyamaza. Sisi tuliokaa upande wa pili hapo hatujapata kitu. Tunachotaka kusikia ni ulikuwa na watu wangapi, walikuwa wanafanya nini, wewe ulikuwa unaangalia kitu gani hasa kila siku, na siku mmoja wao alipoharibu ulifanya nini. Hiyo ya mwisho ndo inatofautisha. Aliyesimamia kweli ana stori, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga ataitoa, atasema kulikuwa na kijana anachelewa, nilimwita pembeni nikagundua anatoka mbali kule Chanika, nikambadilishia zamu. Aliyepachika neno atakupa nadharia, leadership, teamwork, motivation, hutoki na kitu.

Na wewe una haki ya kuuliza pia, watu wanasahau hili. Tangazo likisema supervisory ukafika mbele ya paneli uliza nitakuwa na watu wangapi chini yangu, nani anawapangia likizo, akikosea naweza kumwandikia onyo au napeleka tu taarifa. Maana siku hizi kuna mtindo wa kumpa mtu jina la supavaiza ili afanye kazi ya wawili, hana mtu hata mmoja chini yake, anasimamia mashine ya fotokopi, au amekaimishwa mwaka mzima bila posho ya kukaimu huku wenzake wanajua hana meno. Wakianza kutazamana baada ya hilo swali lako, we shukuru tu, na kwenye mshahara usikubali namba ya kwanza.